Sicilienne ya Kumleta Symphorien Kwangu

Jumatatu, 3 Machi 2025

Nimeshindwa tena. Mara ya thelathini na moja! Sheria yetu ya sataranji ni moja: aliyeshindwa ndiye anayekwenda kwa mshindi mchezo ujao. Kwa hiyo ni mimi tu ninayevuka mtaa mzima wa Musonoi kwa miguu kwenda kwa rafiki yangu Symphorien. Yeye hajawahi kuona mlango wangu. Tangu binti yangu Louise aolewe Tenke, aliyebisha hapa ni mtu wa umeme tu, naye alikosea nyumba. Upweke unanimaliza. Basi! Nishinde mara moja tu, aje.

Jumanne, 4 Machi

Dawa imepatikana kwenye video ya simu. Ulinzi unaitwa Sicilienne, mabingwa wanauapia. Mweupe akisogeza askari wa mfalme, mweusi anamjibu kwa askari wa tatu kutoka pembeni. Nimekariri hatua kumi. Nimenunua na kiti cha pili, cha plastiki, cha bluu. Kizuri mno.

Alhamisi, 6 Machi

Aibu! Siku zote Symphorien huanza na askari wa mfalme. Leo kaanza na wa malkia! Nikacheza Sicilienne yangu vivyo hivyo. Akala askari wangu bure. Mkewe, mama Ndaya, akauliza kama nina malaria.

Jumamosi, 8 Machi

Hila mpya. Nilimwambia askari wa malkia ni wa waoga. Akavimba, akasogeza wa mfalme. Hatua kumi zikanitoka kama maji. Symphorien akashika kidevu! Ya kumi na moja sikuwa nayo: megabaiti ziliniishia katikati ya video. Nikasogeza malkia kwa imani. Farasi wake akamla.

Machozi yakanilenga, mtu mzima mimi. Nikakiri yote, hadi kiti. Symphorien akanitazama sana. "Tata Nkulu, juu ya nini haukuniambia? Mi ningekuya tu." Nikasema sheria ni sheria, nikaondoka.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya misa, hodi. Nikachungulia. Symphorien na mama Ndaya! Wameulizia njia mpaka wamefika, na sahani iliyofunikwa kitambaa. Harufu ya mikate ya mafuta ikaingia dirishani.

Nikajibanza nyuma ya mlango, nikabana pumzi. Mshindi kumfuata aliyeshindwa? Mgeni wa huruma simtaki. Wakabisha mara tatu, wakaita jina langu, wakaenda zao. Nyumba kimya. Nimelia kidogo.

Sasa nasoma ulinzi mwingine, Française. Kabla ya Pasaka Symphorien atabisha mlango huu, atake asitake!