Taa ya Kyambuli Yawashwa Butembo

Leo Jumamosi, tarehe 15 Novemba 2025, katika salle ya mikutano ya parokia hapa Butembo, mimi Salomon Maliro, ambaye huu ni mwaka wangu wa ishirini na mbili tangu nitoke Kyambuli na mke mmoja, sufuria moja na kamusi moja isiyo na jalada, nina heshima kubwa, nzito kuliko koti hili nililoazima, ya kuwasalimu: Mheshimiwa Mwakilishi wa Mwakilishi wa Serikali, ambaye kiti chake mnakiona, Bwana Mkuu wa Mambo ya Nishati, ambaye kiti chake pia mnakiona, mapadri na wachungaji, wafanyabiashara wakubwa, wa kati na wale wenye nia, wamama wa soko, wanakijiji wenzangu wote wa Kyambuli, Bambuti wenye msitu na sisi wakulima tuliowakuta humo, na mwishowe mimi mwenyewe, Président wa Comité, Coordonnateur wa Projet na Msemaji wake, cheo nilichokipata kwa kura zote za mtu aliyekuwepo. (Makofi. Mtu anapiga filimbi kwa vidole.)

Ndugu zangu, ulimwengu mzima leo unazungumza juu ya énergie renouvelable, yaani nishati isiyokwisha, ya uhakika na ya bei nafuu, kwa wenyeji wa visiwani na wenyeji wa misituni, na Kyambuli, ingawa si kisiwa, imezungukwa na kila kitu isipokuwa njia, kwa hiyo Comité yangu, baada ya étude de faisabilité, yaani uchunguzi wa kama jambo linawezekana, niliyoiendesha nikiwa nimeketi, imethibitisha kwamba maporomoko yetu yana kimo cha mita kumi na nane na nguvu ya kutosha kuwasha kijiji kizima, shule, dispensaire na mashine ya kusaga muhogo. (Mzee Josaphat, mkubwa wa familia za Bambuti, kutoka benchi la mbele: “Président, ulipima lini?”)

Swali zuri la kiufundi. Nilipima kwa kumbukumbu. Jikoni kwa mke wangu, mvua ikiisha kunyesha, tulikuwa tunasikia maji yakianguka ng’ambo ya shamba la migomba, na ilibidi apaze sauti ili kuniomba chumvi. Maji madogo hayamlazimishi mtu kuomba chumvi kwa sauti ya kanisani. Mengine yote ni hesabu.

(Josaphat: “Na hayo maji ni yetu. Mulituomba lini?”) Consultation ya jamii za asili ilifanyika, ndugu yangu, tena kwa kina: nilikukuta sokoni, nikakuuliza habari, ukajibu “bien”, yaani nzuri, na Comité ikaichukua “bien” hiyo kuwa idhini ya pamoja. (Kicheko. Josaphat: “Ah, Salomon! Ile siku nilikuwa natafuta viatu!”)

Niendelee, maana takwimu hazisubiri. Asilimia mia ya nyumba za Kyambuli zitapata mwanga. Asilimia sitini kati ya hizo zitapata mwanga zaidi. Na bei imepangwa kwa huruma kiasi kwamba hadi ninapozungumza nanyi hakuna mteja hata mmoja aliyeshindwa kulipa, wala hakuna waya hata mmoja uliokatika, jambo ambalo mashirika makubwa zaidi yetu hayawezi kujivunia. (Makofi, kidogo.)

Ndiyo maana nje ya mlango huu mnaiona Fuso ya mfanyabiashara anayekwenda huko kuchukua mbao, naye kwa moyo wake mwema amekubali kutubeba sote bure, pamoja na magodoro, kuku na wagonjwa, ili tukalale nyumbani chini ya mwanga wetu wenyewe, katika kijiji tulichokikimbia kwa sababu ambayo kila mtu hapa anaijua na ambayo hotuba rasmi haina nafasi ya kuitaja. (Mama Vagheni, mwenye mtoto mgongoni: “Papa Salomon, batoto bangu bamekwisha kupanda. Balikubali sababu ulisema taa iko. Na balebale bantu ba bunduki, bameondoka?”)

Mama Vagheni, usalama ni volet ya tatu, yaani sehemu ya tatu, ya projet. Sisi leo tuko kwenye volet ya kwanza, ya mwanga. Mkononi mwangu nina kitufe, kinachofanana sana na swichi ya ukutani kwa sababu ndiyo yenyewe, na kule Kyambuli, wakati huu huu, ingénieur wetu Gracien amesimama kando ya turbine, maji yakiwa magotini, akingojea ishara yangu. Nikibonyeza, Kyambuli itawaka, nami nitampigia simu mbele yenu ili asikike mwenyewe. Nabonyeza. (Anabonyeza.) Napiga.

(Simu inalia. Inalia nyuma ya salle, karibu na meza ya chupa za sucré na biskuti. Gracien, mdomo umejaa: “Allô, Président?”)

Gracien. Taa inawaka?

(Gracien anatazama juu, kwenye dari ya parokia. “Hapa inawaka, Président.”)

Na Kyambuli?

(“Kyambuli hapana mutu, Président. Siye bote tuko hapa.” Kicheko kinapasuka. Josaphat anapiga benchi kwa kiganja. “Ingénieur wa biskuti!” Mama Vagheni peke yake hacheki. “Papa, nijibu tu moja. Na wewe unapanda?”)

Nimalize kwa utaratibu, tafadhali, maana hotuba ina mwisho wake uliopangwa. Nishati ya kudumu, oyee! (Oyee moja, ya Gracien.) Kyambuli yenye nuru, oyee! (Hakuna.)

Nawashukuru wafadhili wote niliowaendea, ambao waliniambia kwa adabu kubwa kwamba hawawashi kijiji kisicho na watu, wakati ninyi mlikuwa mnaniambia kwamba hamrudi katika kijiji kisicho na taa, ndipo Comité, yaani mimi, ikaona busara ninyi mtangulie na taa iwafuate. Naishukuru turbine yetu, ambayo kwa kuwa haijanunuliwa haijaharibika. Namshukuru Gracien kwa ufundi wake, ambao ni wa kurekebisha redio. Nayashukuru maporomoko, ambayo kwa mawazo yangu bado yanaanguka palepale, na hakuna anayepaza sauti juu yake, kwa sababu aliyekuwa akiniomba chumvi amezikwa hapa Butembo, kwenye mteremko nyuma ya parokia hii, nami huenda kumsalimu kila Jumapili baada ya misa.

Mama Vagheni, shusha watoto. Gracien, acha biskuti, msaidie na magodoro.

Hakuna projet, haijapata kuwepo. Mimi sitarudi.