Mkate Baridi kwa Fundi Mitambo

Jumatano, 13 Agosti

Kesho tunaenda kwenye tamasha la muziki, mimi na dada. Siku nne, tunalala hemani. Dada haamini. Anauliza tangu lini mtu anayewazimia wateja redio akiwapima suruali akapenda muziki. Nimemjibu kwamba watu hubadilika. Akaniangalia kama anavyoangalia samaki wa juzi sokoni.

Ukweli nauandika hapa tu. Fundi mitambo wa bendi itakayopiga huko alikuwa mpangaji wa chumba cha pili. Tulitumia jiko moja, tukatenganishwa na ukuta mmoja. Nikikaanga vitunguu, aligonga ukuta mara moja, taratibu, kama mtu anayeomba radhi. Nami nikamwekea sahani. Hatukusema mengi. Kisha bendi ikapata safari. Akakunja nyaya zake, akaja kuniaga na ndoo yangu mkononi. Alikuwa anairudisha tu. Siku hizi chumba kile anakaa mwalimu wa hesabu. Naye hugonga, ila ni kulalamikia cherehani.

Mpango ni huu: sitamtafuta. Mtu mzima na heshima zangu siwezi kuonekana namtafuta mwanamume uwanjani. Nitakaanga vitunguu karibu na jukwaa. Pua yake itamleta yenyewe.

Nimechemsha mayai na viazi. Nimepakia mkate, karanga, maparachichi, ndizi, na vitunguu mfuko mzima. Jiko la mkaa nimelificha chini ya nguo.

Alhamisi, 14 Agosti

Jiko limekamatwa getini. Mlinzi anasema mkaa marufuku uwanjani. Ni gesi peke yake, tena sehemu maalumu ya kupikia. Nimemwambia lile si jiko, ni urithi wa familia. Akasema urithi utapumzika kibandani kwake mpaka Jumapili. Dada akajifanya hanijui.

Nilichagua mahali pa hema mwenyewe: karibu na uzio, mkabala na meza ya mitambo. Dada aliuliza kwa nini tusiende kivulini kama watu. Nikasema hapa kuna hewa.

Nimemwona. Kwa nyuma tu. Kofia ileile. Shati limeachia mshono begani, upande wa kushoto. Vidole viliniwasha. Nani anamwacha atembee hivyo?

Jioni nikafungua sanduku la barafu. Barafu imekuwa maji, mkate wa juu umeoga. Tumekula viazi baridi na chumvi, karanga pembeni. Dada amesema chakula rahisi cha kambini si lazima kiwe cha huzuni.

Hema la jirani, ndani ya sehemu ya kupikia, ni la mama mmoja mwenye jiko la gesi. Linang'aa. Nimempa jina Bi Gesi. Simpendi.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimeamshwa na harufu ya vitunguu. Si vyangu.

Nikachungulia. Bi Gesi kashika mwiko. Mbele yake fundi mitambo wangu, kasimama na sahani, anakula mayai ya kukaanga huku amefumba macho. Zile ndizo mbinu zangu, na anayezitumia hata hajui kwamba ni mbinu.

Nikajibu mapigo. Nikaponda parachichi na yai la kuchemsha, chumvi, ndimu, pilipili kidogo, nikapaka kwenye mkate uliosalimika. Dada alikula vipande vinne, akakiri ni vitamu. Tatizo la parachichi ni moja: halinukii. Nililiweka kwenye sinia upande upepo unakotokea. Wakaja nzi.

Basi nikabeba sinia mpaka kwenye uzio, kama mtu anayepita tu. Mlinzi wa hapo akadhani ni chakula cha walinzi. Akapokea sinia kwa mikono miwili, akaniombea heri na wenzake wote. Fundi mitambo hakugeuka. Alikuwa amevaa zile spika za masikioni. Nilisimama pale muda mrefu, nikitazama vidole vyake vikipandisha na kushusha vitufe. Taratibu, vilevile.

Jumamosi, 16 Agosti, mchana

Nimemeza kiburi. Nimekwenda kwa Bi Gesi kuomba jiko. Kumbe anawapikia mafundi wote wa jukwaa, ndiyo kazi yake. Tena ni mtu mwema, jambo lililoniuma zaidi. Alisema jiko nitalipata baadaye, ila kwanza nimsaidie kukata vitunguu. Vilikuwa beseni zima.

Nikakata. Machozi yakanishuka mpaka kidevuni. Ndipo nikasikia sauti juu ya kichwa changu.

"Jirani? Ni wewe?"

Nikainua uso. Sikuona vizuri, lakini kofia niliiona.

"Pole sana," akasema, akachuchumaa. "Kuna nini? Mmefiwa?"

Hapo ningesema vitunguu. Neno moja tu. Lakini alikuwa ameweka mkono begani kwangu. Mimi hupima mabega ya watu kutwa nzima, na sikumbuki mara ya mwisho mtu kuligusa langu. Nikalisukuma beseni nyuma kwa kisigino.

"Shangazi," nikasema.

Akakaa chini. Akaniletea chai. Akauliza marehemu alikuwa mtu wa namna gani. Nikamsifu shangazi kama ambavyo sijawahi kumsifu mbele yake: mikono yake iliyotulea, kicheko chake, jinsi anavyokunja nguo za watu wote kabla ya zake. Mwishowe nililia kweli.

Akanijazia chai. Kisha akasema, "Huko tunakozunguka, nyumba za wageni zina kuta nene. Nikigonga, hakuna kitu."

Hayo maneno nitayatunza.

Jumamosi, jioni

Mambo yameharibika.

Jua lilikuwa linazama, bendi inapiga, mimi na dada mbele kabisa na mikate yetu. Mwimbaji akasimamisha ngoma. Akasema wimbo unaofuata ni wa kumuaga shangazi wa jirani mpendwa wa fundi wao, yule mshonaji, aliyeondokewa wiki hii. Uwanja mzima ukatulia. Watu wakawasha taa za simu.

Shangazi ni mmoja tu. Ni wa dada pia. Ndiye aliyetulea sote wawili.

Mkate ulimtoka dada mkononi. Akapiga ukelele, akaketi chini kwenye nyasi. Nikamwinamia, nikamwambia hajafa, mzima, ni maneno tu. Hakusikia. Spika zilikuwa zimetegeshwa vizuri mno. Kazi ya mikono ileile. Wageni wakamkumbatia. Mzee mmoja akampepea kwa kofia. Wimbo ulikuwa mrefu, tena mzuri.

Ulipokwisha, dada alikuwa amekwishawapigia simu kaka zetu. Nao wamekwishampigia shangazi kumuuliza kama amefariki. Shangazi amejibu kwamba alikuwa anaosha vyombo.

Jumapili, 17 Agosti

Dada hasemi nami. Akitaka chumvi anamwambia Bi Gesi, na Bi Gesi ananiambia mimi, ingawa tumekaa mkeka mmoja.

Asubuhi mafundi walikuwa wanapakia lori. Nilikuwa nakunja hema, sitazamani na mtu. Akaja mwenyewe; Bi Gesi alikwisha kumweleza.

"Kwa hiyo vilikuwa vitunguu," akasema.

"Vilikuwa vitunguu."

Niliogopa kuinua uso. Chakula kilichobaki kilikuwa mkate mkavu, ndizi moja na karanga za mwisho. Nikazitwanga karanga kwa kitako cha kikombe, nikaikata ndizi juu ya mkate, nikampa. Alikula amesimama, bila haraka, mpaka makombo.

"Ungesema tu umekuja kunisalimia," akasema. "Ningekaa vilevile."

Nikamwambia avue shati. Dada aligeuka kutoka upande wa pili wa mkeka. Nikaeleza kwamba ni mshono wa begani, sindano ninayo kwenye kola. Akakaa na fulana yake kwenye sanduku la barafu, nami nikashona. Nilishona kwa vishono vidogo kuliko inavyohitajika. Nilirudia mara ya pili. Shati lilikuwa na joto lake bado.

Lori likapiga honi. Nikakata uzi kwa meno. Akavaa, akazungusha bega, akasema mshono huu utaishi kuliko shati lenyewe. Kisha akakimbia. Nilikuwa na mengi ya kusema. Yote yalikuja lori lilipokwisha kupinda kona.

Jumatatu, 18 Agosti

Nimerudi kazini. Shangazi amepiga simu. Amenigombeza mpaka sikio likapata moto, kisha akauliza niliyasema nini hasa kumhusu. Nikamwambia. Akaniomba nirudie pale pa mikono.

Dada naye amepita na kuanza kusema nami. Kanishika mkono. Amesema mara nyingine nifungue kinywa nimwambie yule bwana kwa lugha nyepesi kwamba nimemkumbuka, basi. Maneno ya busara. Nimeyatafakari nikipiga pasi suruali tatu.

Kwenye redio ya mteja, ambayo sikuizima, wametangaza kwamba bendi itapiga mji wa jirani mwezi ujao.

Kosa langu sasa nimeliona wazi. Msiba una ndugu wengi. Mguu ulioteguka ni wa mtu mmoja, hauna wa kupigiwa simu, wala hauimbiwi. Tangu saa nane najizoeza kuchechemea, kutoka kwenye cherehani hadi dirishani. Wa kushoto unatia huruma zaidi.