Usawa wa Matundu Manne

Jumatatu, 1 Julai

Siku ya kumi na tisa tangu chuo kinisimamishe kwa kuongoza mgomo wa bweni. Baridi ya kukata mifupa. Daktari amempima Babu kifua na kutoa hukumu: chumba chake kipate joto kabla ya wiki kwisha, ama sivyo ahamie kwa Baba Mdogo, kule bondeni. Babu ahame! Ndiye pekee nyumbani humu anayesikiliza hotuba zangu hadi mwisho, ingawa macho huyafumba.

Nilisimama, nikatangaza ukombozi. Tangi moja la kuchemshia maji, kazi mbili. Maji ya kuogea. Na maji hayohayo yasukumwe na pampu hadi kwenye koili, yaani bomba lililokunjwakunjwa, feni ivumishe hewa juu yake, hewa ya moto ipite katika mabomba ya bati hadi vyumbani. Shangazi akauliza kama hiyo ndiyo sayansi iliyonitoa chuoni. Nimesimamishwa, sikufukuzwa! Hata hivyo amemwita Fundi Spana.

Jumanne, 2 Julai

Fundi Spana: maneno machache, futi ndefu. Amepima kuta. Amepima madirisha. Amepima hata mwanya ulio chini ya mlango wa Babu, kwa vidole viwili! Anadai chumba cha Babu, chenye kuta mbili za nje na dirisha pana, kinapoteza joto mara tatu zaidi ya vingine. Basi kipewe tundu kubwa la hewa, na stoo ya viazi isipewe kitu. Tangi nalo likadiriwe kwa asubuhi ya baridi kuliko zote, saa ambayo kila mtu anaoga.

Nilimweleza kwa utulivu (Shangazi anasema nilipiga kelele) kwamba hivyo ndivyo ubwanyenye unavyoota mizizi. Mwenye dirisha pana ndiye aongezewe? Vyumba vinne, matundu manne, kipimo kimoja! Na tangi nimelikadiria kwa vichwa: watu watatu, tangi dogo. Fundi akanitazama kama atazamavyo bomba lililopasuka. Akasema, haya msomi, mchoro ni wako, baridi ni ya mzee.

Alhamisi, 4 Julai

Mtambo umefungwa. Hotuba ya uzinduzi: dakika arobaini. Babu alihudhuria na mablanketi mawili.

Fundi alikuwa ameweka swichi ya kuzima feni kila bomba la bafuni linapofunguliwa, ili maji ya kuoga yapewe kipaumbele. Kipaumbele! Msamiati wa watawala! Nikaamuru ing'olewe.

Shangazi akaingia kuoga. Feni ikavuma, bomba likamiminika, tangi likaishiwa. Maji baridi, hewa baridi. Ametoka na povu kichwani, akaitukana elimu yangu tangu chekechea. Nilimkumbusha kwamba hakuna aliyebaguliwa.

Ijumaa, 5 Julai

Stoo ina joto la kupendeza. Viazi vimechipua. Chumbani kwa Babu, mvuke wa pumzi unaonekana.

Babu amehamishia kiti chake stoo. Ameketi katikati ya magunia, akikohoa, akaniambia niendelee tu na hotuba. Hata viazi, alisema, vimemsikia mjukuu wake, vimeamka. Nilicheka. Kisha akakohoa tena, kwa muda mrefu, nikasahau nilikuwa nimefika wapi.

Jumamosi, 6 Julai

Baba Mdogo amekuja na gari. Begi moja, fimbo, redio. Babu aliniuliza kama hotuba zinapita kwenye simu. Nikambebea begi hadi garini bila hotuba hata moja. Mimi!

Jumanne, 9 Julai

Hila! Shangazi amemwita Fundi kisirisiri. Kwa nusu saa tu ameziba tundu la stoo kwa bati, amepanua la Babu, amerudisha swichi. Nimekwenda kuketi kitandani kwa Babu. Joto kama kifuani mwa mama. Kitanda kitupu. Nikakaa pale hadi Shangazi akaniita mara tatu.

Babu amepiga simu. Shangazi amemhakikishia kwamba chumba sasa kina joto, na Jumamosi anarudi. Machozi kidogo. Vumbi la feni, bila shaka.

Ijumaa, 12 Julai

Kesho anarudi! Nimetafakari siku tatu. Je, mzee aliyenivumilia miaka yote arejee katika nyumba ya upendeleo, apumue joto lililoporwa kutoka stoo? Siwezi kumdhalilisha hivyo. Kosa la awali lilikuwa moja tu: usawa haukupewa muda.

Shangazi alipokwenda sokoni nilichukua kisu cha jikoni. Bati la stoo: chini. Swichi: imeng'oka. Tundu la Babu: nimelipunguza kwa gazeti, kipimo kilekile cha wote.

Babu atakuta haki. Hotuba ya kumpokea ni ya saa moja na nusu. Nimemtandikia blanketi la tatu.