Gitaa la Kwaya na Jogoo Aliyetangulia

Ijumaa, 2 Julai 1993

Gitaa la kwaya limekufa. Sadoki kazipiga nyuzi zote kwenye mazoezi ya leo. Spika ikatoa sauti ya nyuki aliyefungiwa ndani ya debe, kisha hata nyuki akanyamaza. Sadoki hakusikitika. Mjomba wake kamletea kinanda kutoka Dubai chenye sauti mia, na mojawapo ni ya gitaa. Siku hizi kila kitu kinatoka Dubai.

Mwalimu wetu wa kwaya, Mwalimu Fanuel, alifungua kifuniko cha gitaa akachungulia. Ubovu uko kwenye koili, zile sumaku mbili zilizozungushiwa waya mwembamba kama unywele, zinazokaa chini ya nyuzi na kuzisikiliza. Waya zimeliwa na kutu. Akatangaza kwamba atakayelifanya gitaa liseme kabla ya Sikukuu ya Mavuno, Jumapili ya tarehe 11, ndiye atakayelipiga kwenye tamasha la jimbo mwezi wa nane. Likikaa kimya, kinanda kinatosha.

Nikanyoosha mkono. Sadoki akauliza kama Nice, yaani mimi, atalitengeneza kwa sindano ya kufumia. Sauti ya kwanza nzima ikacheka, nami ni wa sauti ya kwanza.

Hawajui kitu. Mimi ndiye ninayefagia chumba cha kwaya kila Jumamosi. Hakuna aliyewahi kuuliza kwa nini kufagia kunachukua asubuhi nzima. Vidole vyangu vina sugu. Na fizikia nimepata B.

Jumamosi, 3 Julai

Nimepata koili! Fundi Koikai, mwenye kibanda cha redio karibu na soko, anazo mbili alizozitoa kwenye gitaa la bendi moja ya hoteli iliyovunjika (bendi, si hoteli). Hakutaka fedha. Alisema fedha inashuka thamani kila siku, jogoo hashuki.

Jogoo ninaye. Yaani mama anaye. Ni yule mwekundu mwenye mkia mweupe, aliyetengwa kwa ajili ya sadaka ya mavuno. Nikatafakari. Jogoo ni wa kanisa. Gitaa ni la kanisa. Jogoo akigeuka koili, bado yuko kanisani. Sikuona dhambi mahali popote.

Nilimwomba Koikai azifunge kabisa. Akasema kuzifunga ni jogoo mwingine. Ila kaniazima chuma chake cha kuyeyushia risasi ya kuungia waya, kile cha kupasha kwenye mkaa, kwa sababu ya mgao wa umeme.

Mama kauliza jogoo yuko wapi. Nimemjibu kwamba ametangulia kwa kazi ya Bwana. Mama akafurahi sana. Akaenda kuwaeleza majirani.

Jumatatu, 5 Julai

Siku ya kazi. Nimechora kwanza waya zote zilivyokaa, kama Madam wa fizikia anavyotufundisha: koili, swichi, kitufe cha kuongezea sauti, tundu la kuchomeka. Kisha nikazikata zote. Kisha upepo ukachukua mchoro, ukaupeleka kwenye jiko.

Koili mpya ni pana kuliko matundu ya zamani. Nimetanua matundu kwa kisu cha mama cha kumenyea ndizi. Kisu sasa kina meno. Nimekificha. Tone moja la risasi limedondokea kwenye sufuria ya loshoro, ule mseto wa mahindi na maziwa mgando, nikalitoa kwa kijiko. Mama kasema loshoro ya leo ina ladha ya mjini.

Jumatano, 7 Julai

Umeme umerudi mchana. Nikakimbilia kanisani, nikachomeka gitaa kwenye spika. Likavuma kama mashine ya kusaga. Nilipogusa chuma cha tundu la kuchomeka, mvumo ukaisha. Nikaondoa mkono, likavuma. Nikagusa, kimya.

Kwa muda niliamini kwamba gitaa linanitii mimi tu, nikapanga kumwita Sadoki aone. Halafu nikakumbuka mada ya umeme. Sikufunga waya wa ethi, ule unaotoka chini ya nyuzi. Nimeufunga. Sasa halimtii mtu yeyote, ila halivumi.

Alhamisi, 8 Julai

Koili ya juu peke yake: nzuri. Koili ya chini peke yake: nzuri. Zote mbili pamoja: sauti ya mtu mwenye mafua. Sadoki alipita mlangoni akaniambia, pole dada, mpe tangawizi.

Nimekaa na gitaa hadi umeme ulipokatika. Koili zinasukumana! Moja ikienda mbele, ya pili inarudi nyuma, kama mimi na Sadoki. Nimegeuza waya za koili moja, kushoto kuwa kulia. Kazi ndogo. Lakini sina umeme wa kujaribia, na kesho zamu ya umeme si yetu, wala keshokutwa.

Jumapili, 11 Julai

Nitaandika kila kitu kwa utulivu.

Kanisa lilijaa. Mahindi, mikungu, mayai, mbuzi mmoja mkorofi. Mimi nilikaa benchi la kwaya na gitaa shingoni, nikisubiri wimbo wa baada ya sadaka. Umeme ulikuwapo. Mwalimu Fanuel alinitikisia kichwa kama mtu anayeomba kimoyomoyo.

Watu wakaanza kupeleka mazao madhabahuni. Katikati ya foleni nikamwona Koikai. Sikujua kwamba anasali kwetu, hukaa nyuma. Kwapani mwake alikuwa na jogoo mwekundu mwenye mkia mweupe.

Mama alimwona pia. Akamtazama jogoo. Akanitazama mimi. Akaitazama mikono yangu mitupu, macho yakisema kwamba mtoto wake hatakaa benchini bila sadaka siku ya mavuno.

Mikono haikuwa mitupu. Ilikuwa na gitaa.

Nikapata wazo. Gitaa ni mali ya kanisa, kwa hiyo haliwezi kuwa sadaka kwa kanisa. Nitalipeleka mbele, mchungaji ataliombea, mama ataridhika, nami nitalichukua nipige wimbo. Nikaenda. Nikalilaza kati ya maboga na mayai. Likaombewa. Nikanyoosha mkono kulichukua.

Mzee Manase, mzee wa kanisa anayesimamia mnada, aliushika mkono wangu polepole.

"Mwanangu," akasema, "kilichofika madhabahuni hakirudi benchini."

Nikamweleza kwamba ni la kanisa tangu zamani. Akasema hata mahindi ni ya Mungu tangu zamani, na bado yananadiwa.

Wimbo ukapigwa na kinanda cha Dubai.

Baada ya ibada, mnada uwanjani. Jogoo alitangulia kunadiwa. Mama alikuwa amewaambia kina mama wote kwamba ndiye sadaka yake, na wote walikuwa wanamtazama. Akapandisha bei. Mwenye hoteli ndogo ya supu akapandisha. Mama akapandisha tena, hadi akafungua fundo la mwisho la khanga. Akapewa jogoo wake.

Kisha gitaa. Mwalimu Fanuel alisimama na mfuko wa kwaya, akataja bei ndogo, akiwaeleza watu kwamba ni ubao mbovu tu. Ingekwisha hapo. Lakini Mzee Manase ni mwaminifu. Akasema hawezi kunadi kitu bila watu kujua kama ni kizima. Akaita spika isogezwe mlangoni, akaniamuru nilipige.

Nikachomeka. Halikuvuma. Nikagusa uzi mmoja.

Lilisema. Koili mbili pamoja, bila mafua, sauti ya mviringo iliyokwenda hadi kwenye migomba na kurudi. Nikaanza wimbo wa mavuno. Watoto waliacha kukimbia. Mbuzi alisimama. Sadoki alikuwa na mdomo wazi.

Mwalimu Fanuel alinikodolea macho, akakunja uso, akatikisa mkono chini, chini. Nikadhani anataka sauti nzito zaidi. Nikaongeza. Nikatia na madoido.

Nyuma yangu nikamsikia akiniita jina kwa sauti ya chini: "Nice, kosea. Nakuomba, kosea."

Nilimwelewa. Nilijaribu, Mungu ni shahidi. Vidole vilikataa. Vimefagia chumba kile mwaka mzima.

Bei ilipaa. Mfuko wa kwaya ukaisha. Nikamtazama mama. Mama alikuwa amemkumbatia jogoo. Koko Simaloi, bibi mwenye ng'ombe wengi aliyekuja kwa binti yake kutoka Ngaramtoni, akainua fimbo mara moja tu. Mnada ukafungwa.

Njiani mama alitembea mbele, jogoo kwapani, hadi getini.

"Kumbe ni kweli," akasema. "Alitangulia."

Jumatatu, 12 Julai

Sadoki kaja nyumbani. Nilijiandaa kwa maneno yake. Akaniuliza tu nilifanyaje ile sauti. Nikasema ni fizikia. Akasema kinanda chake kina sauti ya gitaa lakini haifanani, kisha akaondoka akiwa ameinamisha kichwa. Huruma ya adui inauma kuliko kicheko. Tamasha ni mwezi ujao. Mimi nitasimama na sauti ya kwanza, mstari wa nyuma, kwa sababu ni mrefu.

Mama kapata kisu chake. Ananipa kazi zote za kumenya ndizi.

Alhamisi, 15 Julai

Mama kanituma sokoni Ngaramtoni. Nilipita kwa Koko Simaloi kumsalimia. Nilisema shikamoo, macho yakitafuta gitaa. Limetundikwa ukutani kati ya vibuyu vya maziwa. Wajukuu wanalikwangua, linatoa sauti ya mbu.

Koko hakufurahi. Kaniuliza kwa nini halilii kama lilivyolia kanisani. Nikamweleza kwamba huku nguzo za umeme hazijafika.

"Mimi nilinunua sauti, mjukuu wangu," akasema. "Huu ubao sina kazi nao."

Kisha akasema nikilifanya lilie hapa, nyumbani kwake, ng'ombe wakasikia, atanipa nikalipige tamashani, kisha nirudishe.

Tumaini! Sikutembea kurudi mjini, niliruka. Moja kwa moja hadi kwa Koikai. Anayo spika ndogo yenye mashine yake ya kukuza sauti, inayotumia betri ya gari. Na betri anayo. Nikamuuliza anataka nini. Akafikiri, akasema jogoo kwa mzigo kama huu ni matusi. Anataka beberu.

Nimerudi nyumbani nikitafakari. Nyuma ya jiko mama ana beberu mweusi, aliyetengwa kwa ajili ya kipaimara cha mdogo wangu Ebenezer. Kipaimara ni Desemba. Desemba ni mbali. Na gitaa litapigwa kwenye tamasha la jimbo, ambalo ni kazi ya kanisa, kama kipaimara kilivyo kazi ya kanisa. Nimelichunguza jambo hili pande zote. Sioni dhambi.

Nitamfungua kesho asubuhi, mama akiwa kisimani. Akiuliza, nitamwambia ametangulia.