Sehemu Hamsini za Nguo ya Gome

Jumanne, 3 Juni
Nisamehe, daftari. Sijakugusa tangu mume wangu Siaosi aende Australia kuchuma machungwa. Lesieli wetu alikuwa akitambaa. Sasa anakimbiza nguruwe. Nimechoka mpaka kope.

Leo habari kubwa! Shangazi yake Siaosi, Fane, anamwoza bintiye hukohuko Australia. Ametutangazia wake za familia: atakayeleta ngatu, nguo ya gome, yenye sehemu hamsini, ataondoka naye kuibeba. Nauli juu yake. Mtoto mapajani. Siaosi wangu!

Alhamisi, 5 Juni
Nimegonga magome hadi bega linalia. Hayatoshi. Seini, mke wa shemeji yangu, anagongewa na mama na dada zake wote. Nyundo zao kama mvua juu ya bati. Nawachukia.

Siaosi kapiga simu. Kauliza mtoto ni mkubwa kiasi gani. Nikasema meno sita. Akasema meno kayasikia, ila angemfika wapi akisimama? Nikashika paja, nikasema hapa. Simu haioni paja.

Jumapili, 8 Juni
Siku ya Bwana, hakuna kugonga. Mahubiri marefu. Katikati, wazo! Shangazi kasema sehemu hamsini. Hakusema za upana gani! Nitachora mistari karibu karibu. Nikapaza sauti: Amina! Mchungaji kafurahi sana.

Jumatano, 11 Juni
Hamsini! Namba za sehemu zote nimeziandika ukingoni, kama desturi. Seini kachungulia, kauliza mbona sehemu zangu zimekonda, zinaumwa? Nikamjibu ndio mtindo wa kisiwani kwetu, Vavaʻu. Nguo za Lesieli ziko mkobani tayari.

Ijumaa, 13 Juni
Aibu! Shangazi kaamuru ngatu zitandazwe ukumbini, ubavu kwa ubavu. Kahesabu ya Seini: hamsini. Yangu: hamsini. Nikatabasamu. Kisha akainua macho. Ya Seini imefika mlangoni. Yangu imekomea katikati ya ukumbi.

“Hamsini za nini, mama Lesieli? Biskuti?”

Ukumbi mzima ukacheka. Shangazi akasema sehemu ni za kuhesabu, hata mia ningepata kwa kuchora tu. Urefu ni wa kupima, na wenyewe haujali nimeandika namba gani. Seini ndiye anayekwenda.

Nimefungua mkoba, nikazitoa nguo za mtoto moja moja. Lesieli alidhani ni mchezo, akazirudisha mkobani.

Jumamosi, 14 Juni
Seini kaja mwenyewe, mpole, kauliza ampelekee nini Siaosi. Nikataka kumfukuza. Nikampa uzi, urefu wa mguu wa Lesieli. Kasema pia Shangazi kaapa mara ijayo hataamini namba za ukingoni, atapima kwa utepe. Nimelitafuna neno hilo, nimepata akili mpya!

Basi amwambie Siaosi alete au atume: viatu vya Lesieli, asiulize namba, afuate uzi na aongeze kidogo, maana mguu utakuwa umekua kabla hajafika dukani. Maziwa ya kopo. Shati lake moja, asilifue. Utepe wa kupimia, nitamwazimisha Shangazi. Na mkasi mkali. Nikikata mita ya kwanza ya ule utepe, uanze kuhesabu kwenye moja, nitakuwa nimeshamkaribia Siaosi kwa mita nzima.