Dirisha la Ghorofa ya Nne

"Natangaza kwa fahari kwamba miongoni mwa familia za kipato cha chini hakuna mtoto mgonjwa hata mmoja. Ngazi zimethibitisha."

Mkurugenzi wa Bima ya Afya ya Watoto aliisoma sentensi hiyo mbele ya kioo, akaipenda, akairudia. Leo alikuwa anapewa tuzo kwa ajili yake, na haki yake. Utaratibu alioubuni ulikuwa rahisi kama kunywa maji. Kadi ya bima hutolewa bure kwenye dirisha moja tu, ghorofa ya nne, na mtoto sharti afike kwa miguu yake mwenyewe. Lifti ni ya watumishi na wageni waalikwa. Mtoto akifika juu, anapongezwa kwa afya njema na kurudishwa nyumbani, maana mzima bima ya nini? Asipofika, basi hayupo, na ofisi haiwezi kumhudumia mtu ambaye hayupo. Kubebwa ni marufuku. Anayebebwa huhesabiwa kuwa mzigo, na mizigo hupokelewa jengo la nyuma.

"Wataalamu wameumiza vichwa miaka nenda miaka rudi," aliwaambia wasaidizi wake, "kumbe tiba ni ngazi!" Wakacheka wote, na hakuna aliyethubutu kuwa wa kwanza kunyamaza.

Mgeni rasmi akawasili. Itifaki ilitaka atangulie, akatangulia na walinzi wake, lifti ikajaa pomoni, Mkurugenzi akabaki chini akitabasamu. Lifti ikamfikisha mgeni juu salama salimini. Kisha umeme ukakatika.

Mkurugenzi akazitazama ngazi. Alikuwa anazifahamu kwenye ramani tu. Alikuwa mtu wa shibe, na shibe yake ilimtangulia kila alikokwenda. Akaanza kupanda mbio mbio kama mtu anayeitwa kula. Ghorofa ya kwanza akalegeza tai. Alipokaribia ya pili magoti yakagoma, akajibwaga pale ngazi zinapopinda, huku mlinzi wa mlangoni akimfuata na mkoba wake.

Hapo palikuwa na wenyeji tayari: mwanamke kijana, fundi cherehani kwa kazi yake, pamoja na binti yake mwenye pumu. Kifua cha mtoto kilikuwa kinapiga miluzi. Dawa yake ya kuvuta ilikuwa imekwisha, na bila kadi duka la dawa halikuwa na habari naye. Mama yake alikuwa anamsugua mgongo.

"Pole, baba," akasema, akijisogeza. "Na wewe umekwama?"

"Sija... kwama," akahema Mkurugenzi. "Natathmini."

"Haya, karibu. Sisi tunatathmini tangu asubuhi."

Huko juu sauti nzito ikauliza, "Mkurugenzi yuko wapi?"

"Hajafika!" akajibu karani wa dirishani.

"Nibebe!" Mkurugenzi akamwambia mlinzi.

"Mzee wangu, ukibebwa utakuwa mzigo. Nikupeleke jengo la nyuma?"

"Basi mwite karani ashuke! Na maji!"

"Dirisha halishuki, mzee. Kanuni yako hiyo."

"Naibadilisha! Kuanzia sasa, yeyote aliyeshindwa na ngazi, huduma imfuate alipo!"

"Yeyote?" akauliza mlinzi, ambaye hakupenda kazi ya kubahatisha.

"Yeyote! Upesi!"

Mgeni rasmi alizisikia kelele hizo kutoka juu, akadhani hotuba imeanza, akapiga makofi. Na jambo lililopigiwa makofi na mgeni rasmi halifutiki.

Karani akashuka na muhuri, kadi na maji. Mkurugenzi akanyoosha mkono.

"Foleni, mzee," karani akasema kwa upole. "Nani alitangulia?"

"Huyu," akasema fundi cherehani, akimsogeza binti yake.

Karani akaisikiliza miluzi kidogo tu. Akajaza kadi, akagonga muhuri. "Hapo ng'ambo ya barabara kuna duka la dawa. Mkitoka hapa, moja kwa moja."

Mama akaipokea kwa mikono miwili, akalia mbele yao bila kujificha.

"Anayefuata! Tatizo?"

"Ngazi... zimenishinda."

"Naona. Umekuja na mzazi?"

"Mimi ndiye Mkurugenzi!"

"Kazi haiulizwi hapa, mzee. Huduma ni ya watoto, na mtoto haandikishwi bila mzazi. Kama huna, nakurudisha chini uanze upya."

Mkurugenzi akatazama juu. Akatazama chini. Mwishowe akamtazama fundi cherehani, ambaye kwa umri angeweza kuwa bintiye.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, mwanangu." Fundi cherehani akafuta machozi, akamgeukia karani. "Mwandike tu. Ni wangu huyu, ila mtukutu."