Natafuta Kazi Yenye Kiti

Jumatatu, 9 Julai 1962. Hell-Ville, Nosy Be.
Sanduku langu limehama! Jana lilikuwa chini ya kitanda, leo liko katikati ya chumba. Kwetu sisi tuliotoka visiwa vya jirani, nyumba ni ya mke. Mume anaingia na sanduku lake tu, na siku akichokwa anatoka nalo. Nikamuuliza mke wangu Sittou. Kasema mamake alikuwa anafagia. Anafagia! Bibi Hachimia hajashika ufagio tangu Wafaransa washushe bendera.
Kazi hakuna. Wazungu wanafunga maduka wanaondoka, na wanaobaki wanapunguza watu. Tena mimi sitaki kazi yoyote tu. Nataka ya kuridhisha: kivuli, kiti, na watu wakuulize wewe kwanza. Mama mkwe kanipa mpaka maulidi.

Jumanne, 10 Julai.
Sanduku limefika mlangoni mwa chumba. Nimekimbilia kiwanda cha mafuta ya maua ya langilangi bila chai. Nimepata! Msimamizi, Mzee Youssoufa, kaniambia nibebe magunia ya maua pamoja na Ibouroi, binamu yake Sittou. Ibouroi anabeba mawili na huku anaimba. Kufika adhuhuri shingo yangu imeingia kifuani.

Jumatano, 11 Julai.
Nimepata mbinu! Youssoufa ni mtu wa sala tano, lakini miiko anaiogopa kuliko polisi. Hapa kila ukoo una mwiko walioachiwa na wazee wao: hawa hawali mkunga, wale Jumanne hawalimi. Nikamwendea na uso wa msiba. Nikamwambia bibi mzaa mama alikuwa wa huku huku, na kwao ni mwiko kubeba mzigo kichwani au begani. Kashtuka! Kaniomba radhi, mimi! Ati kwa nini nilinyamaza, ningemfia mikononi. Kwa vile alikuwa amelainika, nikaongeza na mwiko wa kufanya kazi Jumanne.

Alhamisi, 12 Julai.
Kanihamishia motoni. Unakaa kwenye kigoda mbele ya mtungi wa shaba wa kuchemshia maua, unasukuma kuni. Nimekaa, ndiyo, kama muhogo wa kuchoma. Saa sita nikaenda kumwambia kuna mwiko mwingine nilisahau: hatukalii kitu chenye miguu. Youssoufa kanitazama sana. Kasema wazee wangu walikuwa watu wagumu. Ibouroi akadakia mbele ya watu: mbona benchi la Bibi Hachimia naliona unalikalia mpaka limebonyea? Nikamjibu lile lina miguu mitatu, mwiko wetu unaanzia minne. Watu wamecheka. Youssoufa hakucheka, kaandika.

Jumamosi, 14 Julai.
Sasa nafagia ua wa kiwanda. Nyumbani sanduku limefika ukumbini, linautazama mlango wa nje. Usiku nalisikia linapumua. Sittou kasema ni mimi.
Halafu leo, balaa! Mwenye kiwanda ana ghala Mahajanga, anataka watu wawili. Mmoja wa kusimama getini. Mwingine wa kuandika orodha ndani, chini ya feni, kwenye kiti chenye mto. Mto! Youssoufa kasema jina langu ndilo lililomjia kwanza, kisha akakumbuka wazee wangu. Kiti kampa Ibouroi. Ibouroi, anayeandika jina lake huku katoa ulimi! Nikasema wazee wanaweza kuombwa. Akasema sawa, mwiko unaondolewa kwa kuchinja ng'ombe, nilete ng'ombe. Sina hata kuku. Basi kanipa geti.

Jumamosi, 21 Julai. Mahajanga.
Siku mbili melini, natapika. Sittou alilia kuniaga. Mamake hakulia, alinifungia chakula cha kwenda tu. Kasema nikidumu kazini, sanduku litabaki ndani. Lakini njiani nilikuwa na furaha yangu: Mahajanga nani anaijua miiko yangu?
Nimefika ghalani, nimekalia kiti cha kwanza nilichokiona. Fahardine, msimamizi wa huku, kaninyanyua kwa makwapa huku anapiga kelele. Youssoufa kaleta barua! Kurasa mbili, miiko yote, na mistari chini yake. Fahardine kaapa hapa hadhuriwi mtu na wazee wake. Nikamweleza kiti cha miguu mitatu hakina neno. Kasema vya ghala vyote vina minne.

Jumatatu, 23 Julai.
Geti liko nje, kwenye barabara ya Belobaka. Hakuna hata kijiti cha kivuli. Mikokoteni ya ng'ombe inaleta nyuzi za rafia, mimi nainua mti wa kufungia njia, nashusha mti. Ibouroi ananiita dirishani: "Kaka Madi, simama wima, wazee wanakuona!" Kisha anajigeuza kwenye mto wake.
Ila kuna jema. Baharia mmoja kaniletea salamu za Sittou: sanduku limerudi chumbani! Nivumilie tu, kasema. Nimemwapia nitavumilia.

Alhamisi, 26 Julai.
Nimevumilia siku tatu. Ubongo unachemka, nausikia. Kwa hiyo leo nimemwambia Fahardine mwiko wa jua. Kavua kofia. Kisha kasema mtu asiyebeba, asiyekaa, asiyefanya kazi Jumanne na asiyesimama juani, basi wazee wake wamekwisha sema asifanye kazi, na yeye Fahardine ni nani wa kubishana nao? Kanishika mkono kwa mikono yake miwili. Kanitoa mpaka nje ya geti. Mti kauinua mwenyewe.

Ijumaa, 27 Julai.
Sikulala. Habari itafika Hell-Ville kabla yangu, na Bibi Hachimia hatahitaji ufagio safari hii. Nimesali Ijumaa lakini sijui nilisoma nini. Nikamwomba Mungu anionyeshe nilipokosea.
Kanionyesha palepale! Nje ya msikiti mtu alikuwa anasema bandari ya Diego inatafuta watu. Sasa naona wazi kosa langu. Niliwafanya wazee wangu kuwa wakali mno. Diego hawajulikani. Huko nitaanza na miiko miwili tu.